Mrejesho: reale ya Maria Theresa niliyoinunua mtandaoni

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliwauliza kama reale ya Maria Theresa (sarafu ya madini ya fedha yenye sura ya malkia huyo aliyetawala Austria), niliyoinunua mtandaoni kwa kuiona pichani tu, ni halisi. Nilifuata ushauri wenu nikaipeleka kwa sonara, na mizani yake ikaonyesha gramu 24.3, ilhali reale halisi ina gramu 28 hivi; tena ukingoni, mahali palipopaswa kuwa na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, pana mistari mitupu. Mwaka 1780 ulioandikwa kwenye sarafu haukunisaidia kitu, kwa kuwa hata reale halisi zilizopigwa chapa miaka mingi baada ya kifo cha malkia huyo zina mwaka huohuo. Muuzaji amenirudishia pesa zote. Nawashukuru sana, hasa aliyesisitiza nikague ukingo.