Mjadala: Dandora iwe chini ya jicho la mahakama, au iachiwe kaunti?

Wakili wa Mto: Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi iliagiza dampo la Dandora lifungwe na kuhamishwa katika miezi 6. Dampo hilo lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Agizo lilielekezwa kwa NMS (Nairobi Metropolitan Services), chombo kilichoendesha huduma za jiji na ambacho muda wake uliisha 2022, na malori bado yanapanda. Napendekeza mahakama ikae na kesi: iteue msimamizi huru, kaunti ilete ripoti kila mwezi, na anayekaidi aitwe kujieleza yeye mwenyewe. Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya, kinachohusu kudai mahakamani haki ya mazingira safi, kinatosha kuipa nguvu hiyo.

Fundi wa Dampo: Wakili, mamlaka ipo. Tatizo ni hiyo miezi 6. Rundo la tangu miaka ya sabini huwezi kulifunga kwa kufuli. Kwanza unalaza mteremko. Ukiuacha mkali, mvua za masika zinaliporomosha. Unachimba mitaro ya kukinga maji, kwa sababu mvua inayoingia juu hutokea chini ikiwa maji meusi, na Mto Nairobi uko hapo kando. Unatoboa mashimo na kuweka mabomba ya kutolea gesi, la sivyo inajikusanya ndani na inaweza kuwaka au kulipuka. Mwisho ndio udongo wa mfinyanzi, unashindiliwa tabaka kwa tabaka.

Wakati huohuo shimo jipya liwe tayari: mfinyanzi chini, juu yake mkeka wa plastiki wa milimita 1.5, halafu mabomba ya kukusanya maji machafu. Maungio ya mkeka yapimwe yote kabla taka haijamwagwa, maana ikishamwagwa hakuna wa kurudi kuziba. Kila jioni taka ifunikwe udongo wa sentimita 15. Ukiacha kufunika, ndege wanajaa. Eneo la Ruai, pembezoni mwa Nairobi, lilipopendekezwa kuwa dampo jipya, watu wa usafiri wa anga walipinga kwa sababu hiyohiyo.

Mwana wa Tabata: Dar es Salaam tulishapita njia hii, jamani. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira akakataa. Taka zikaenda Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye Vingunguti, Mtoni, hadi Pugu Kinyamwezi. Kila hukumu ilikuwa ya haki, na kila moja ilimpelekea jirani moshi. Agizo la kufunga lisilotaja taka zitaenda wapi ni agizo la kuhamisha.

Karani wa Mizani: Msimamizi akija, aanzie getini, kwenye mizani. Lori lipimwe likiingia na likitoka. Ukilipa wenye malori kwa safari, wataleta nusu lori. Ukilipa kwa tani, wengine watachanganya mchanga na kifusi. Kwa hiyo lipa kwa tani, na kila siku magari machache yamwagwe pembeni yakaguliwe.

Chukua mfano wa tani 2,000 kwa siku, lori likibeba tani 8: hizo ni safari 250. Lori likipiga safari 3, unahitaji malori 84. Barabara ya ndani ya dampo ikigeuka tope, foleni ikashusha safari hadi 2, unahitaji 125. Kifusi na kokoto za barabara hiyo ni rahisi kuliko malori 41 mapya, lakini kokoto hazizinduliwi kwa utepe.

Mkazi wa Korogocho: Mnapima malori, pimeni na watoto. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 ulichunguza watoto 328 wa karibu na dampo. Nusu walikuwa na madini ya risasi mengi damuni kuliko kiwango kinachokubalika. Na waokota taka je? Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza nyumbani, na kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia. Wapewe wao kazi hiyo, kwa glavu, buti na malipo ya wiki, kabla geti halijafungwa.

Wakili wa Mto: Nakubali, miezi 6 niiondoe. Basi agizo liwe la hatua: siku 30 mizani ifanye kazi, siku 90 barabara ya ndani na mitaro, halafu vituo vya kuchambulia. Tarehe ya kufunga ipangwe shimo jipya likishakaguliwa.

Fundi wa Dampo: Mitaro iwe kabla ya masika, hata kama siku 90 hazijafika. Hapo nitaunga mkono.