Baada ya kusasisha Ubuntu waifai imepotea na laptopu ikilala haiamki, hii ni bagi (kasoro) ya keneli, kile kiini cha Linux, au?

Kibatari

Wakuu habari za jioni. Nina laptopu ya mtumba, i5 ya kizazi cha 8, Ubuntu 24.04 niliiweka ilivyotoka tu na imepiga kazi safi muda wote. Sasa kwa sababu ya bando nilikuwa sisasishi, juzi nikapata intaneti ya bure kwa jamaa nikasema ngoja nivute kila kitu, ikashusha mafaili weee mpaka nikachoka kusubiri, nikarestati.

Ilivyowaka nakuta mambo mawili. Waifai hamna, yaani hata alama yake haipo, natumia kile kidude cha USB chenye chip ya 8821AU maana kadi ya ndani ilikufa kitambo, na draiva yake niliijenga kutoka GitHub kwa DKMS (kile chombo cha kujenga draiva za nje ya keneli). La pili ndo linaniua: nikifunga mfuniko inalala vizuri, nikifungua haiamki, taa ya pawa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii, nikibonyeza Caps Lock hata kitaa chake hakiwaki, mpaka nishikilie batani ya pawa izime kwa nguvu.

Namba ya keneli kwa uname -r ni 6.14.0-29-generic, zamani ilikuwa 6.8. Nataka kuripoti kwa wenye keneli wenyewe maana hii ni bagi kabisa, naanzia wapi? Au nifute niweke upya yaishe?

msee_wa_terminal

Usifute kitu buda. Ukifuta utaweka image (faili la kusakinishia) ya 24.04.3 na hiyo inakuja na 6.14 hiyo hiyo, utajipata pale pale. Restati, shikilia Shift kama ni BIOS ya zamani ama ugonge Esc kama ni UEFI mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua keneli ya kuwasha, itokee, ingia Advanced options, chagua 6.8. Ubuntu huwa haifuti keneli ya zamani mara moja. Kama kwa 6.8 kila kitu kiko sawa basi angalau una mashine ya kufanyia kazi leo.

dau_la_mwisho

Ndo maana mimi nilirudi Windows.

Mama Seva

Kibatari mdogo wangu, hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa, ukiyachanganya kwenye ripoti moja hakuna atakayeisoma.

La waifai si bagi ya keneli. Draiva uliyoijenga kwa DKMS iko nje ya keneli, kila keneli mpya ikija inabidi ijengwe upya, na ikishindikana inakaa kimya. Andika dkms status utaona imewekwa kwa 6.8 tu. Sababu huwa ni mbili, aidha linux-headers (mafaili ya kujengea draiva) za keneli mpya hazikuingia, au msimbo wa draiva ni wa zamani na ndani ya keneli mambo yamebadilika, fungua make.log iliyoko chini ya /var/lib/dkms uone imelalamikia nini. Watu wa keneli wanaahidi kutovunja programu zako za kawaida, ila moduli za nje (vipande kama hiyo draiva) hawajawahi kuahidi chochote, kwa hiyo ukiwapelekea hiyo watakuambia umfuate aliyeiandika.

Ila una bahati, keneli za karibuni, 6.14 ikiwemo, zina draiva ya hiyo chip ndani yake, familia ya rtw88. Toa ile ya DKMS kwa dkms remove, kisha pita /etc/modprobe.d uangalie kama haikuacha faili lenye blacklist, hizi draiva za GitHub zina tabia ya kuzuia mwenzake asipakiwe hata zenyewe zikiwa zimeshaondoka. Chomoa kidude, chomeka, angalia dmesg (ujumbe wa keneli). Ikilalamika firmware (programu ya ndani ya kifaa) haipo, sasisha kifurushi cha linux-firmware. Kwa sasa intaneti ichukue kwenye simu kwa waya wa USB.

La kulala ndilo linaloweza kuwa bagi ya kweli. Ingia 6.8 kama alivyosema msee, uilaze na kuiamsha mara kadhaa, usiridhike na mara moja. Ikiamka kila mara, na 6.14 inagoma kila mara kwenye mashine ile ile na mipangilio ile ile, hapo unayo ile wanayoiita regression, kitu kilikuwa kinafanya kazi kikaharibiwa na toleo jipya. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kwenye hili huwa hana mzaha, kwa hiyo ripoti yako ina uzito kuliko mtu aliyenunua mashine mpya ikamgomea tangu siku ya kwanza.

Kibatari

Asante sana dada. Waifai imerudi, kweli kulikuwa na faili la blacklist limebaki modprobe.d, nimelifuta, kidude kikashika chenyewe. Kwa 6.8 inaamka bila shida, nimeilaza mchana kutwa. Kwa 6.14 inakufa kila mara. Nikiangalia logi ya keneli ya mara iliyopita kwa journalctl -k -b -1, mstari wa mwisho ni "PM: suspend entry (deep)" baada ya hapo hamna kitu, sasa hiyo nairipotije wakati logi yenyewe haipo?

Mama Seva

Ndivyo ilivyo, mashine ikifia humo njiani diski inakuwa imeshanyamazishwa, logi haina pa kuandikwa. Ila keneli ina kijaribio chake cha kulala nusu nusu. Hifadhi kazi zako, piga sync, ingia root (mtumiaji mkuu) kwa sudo -i kisha:

echo freezer > /sys/power/pm_test
echo mem > /sys/power/state

Itagandisha programu zote, isubiri sekunde 5, halafu irudi yenyewe bila kulala kweli. Ikirudi, badilisha freezer uweke devices urudie, hapo inavilaza vifaa vyote na kuviamsha. Baada ya hapo platform, processors, core, kwa mpangilio huo huo. Ile hatua itakayogoma ndiyo yenye mkosaji. Ikigoma kwenye devices ni draiva fulani. Ikivuka zote tano na kulala kwa kweli bado inakufa, shuku BIOS, tafuta kama kuna toleo jipya. Ukimaliza andika none kwenye pm_test.

fundi_Chumbageni

Nachomekea hapo kwa Mama Seva. Ikigoma kwenye devices, anza kutoa moduli usizozihitaji moja moja kwa modprobe -r halafu unarudia jaribio: bluetooth, kamera, kisoma-kadi cha SD, sauti. Laptopu za ofisi za ulaya tunazouziwa huku zina makorokoro mengi ambayo mtu hata hajawahi kuyatumia, na mara nyingi kanachokataa kuamka ni hako kadude ambako hukajui.

Halafu kuna watu husema ngoja tu apdeti inayofuata, sawa, mara nyingine inasaidia, ila mtu asiporipoti watajuaje? Oktoba 2022 toleo la 5.19.12 lilifanya skrini za laptopu za Intel zimetemete mpaka ikahofiwa zingeweza kuharibika, wenyewe wakaomba watu wasiitumie, 5.19.13 ikatoka na marekebisho. Desemba 2023 Debian waliahirisha kutoa 12.3 kwa sababu 6.1.64 ilikuwa na kasoro ya kuharibu data kwenye ext4 (mfumo wa kuhifadhi mafaili diskini), kesho yake ikatoka 12.4 ikiwa na 6.1.66. Zote zilizimwa haraka kwa sababu kuna watu walipiga kelele na ushahidi mkononi. Na ndo maana nakuambia kabla hujaanza kujaribu keneli za ajabu ajabu nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza.

Kibatari

Wakuu nimempata! freezer ilipita, devices ikafa. Nikaanza kutoa moduli, bluetooth bado, kamera bado, nilivyotoa rtsx_pci_sdmmc na rtsx_pci ikaamka. Ni kisoma-kadi cha SD, sijawahi hata kuweka kadi humo tangu ninunue. Sasa nakisema wapi?

Mama Seva

Safi sana. Sasa inategemea unataka kwenda mpaka wapi.

Njia fupi: uko kwenye 6.14 ya Ubuntu, andika ubuntu-bug linux, itakusanya taarifa za mashine yenyewe na kukufungulia Launchpad, tovuti ya kuripoti bagi za Ubuntu. Eleza ulivyotueleza hapa, keneli iliyokuwa nzima, iliyoharibika, na kwamba ukitoa rtsx_pci inaamka.

Njia ndefu ni kwa wenye keneli, ila hao ukiwapelekea keneli ya Ubuntu watakuambia hiyo si yao, ina viraka vya Ubuntu juu yake, na 6.14 kwao ilishafungwa zamani. Jaribu kwanza keneli mbichi ya karibuni kabisa, Ubuntu wanazijenga tayari kama deb (vifurushi vya kusakinisha) kwenye kernel.ubuntu.com/mainline, chukua image-unsigned na modules, na uzime Secure Boot, ulinzi unaokataa keneli zisizosainiwa, maana hizi hazijasainiwa. Ikiwa humo imeshapona, kazi ya kule imeisha, unawaambia Launchpad tu. Ikiwa bado ipo, rudi nyuma ujaribu 6.11, ukiona nzima jaribu 6.13, ukiona mbovu jaribu 6.9, hivyo hivyo mpaka ubaki na matoleo mawili yanayofuatana, moja zima moja bovu.

Hakikisha pia cat /proc/sys/kernel/tainted, namba inayoonyesha kama keneli imechafuliwa, inatoa 0. Ile draiva yako ya GitHub ikipakiwa inakuwa 4096, na kama haijasainiwa inaongezeka 8192, jumla 12288, mtu akiona hivyo kwenye ripoti anaacha kusoma.

Mahali pa kutuma angalia faili la MAINTAINERS ndani ya keneli, tafuta draiva yako uone ni nani na orodha gani ya imeli. Usikimbilie bugzilla.kernel.org (tovuti ya kuripoti bagi za keneli) kwa mazoea, wapo wanaoiangalia lakini wengi hawaiangalii. Kichwa cha imeli kianze na [REGRESSION], nakala iende regressions@lists.linux.dev, kuna Thorsten Leemhuis anayefuatilia hizi, na ndani weka mstari kama "#regzbot introduced: v6.9..v6.10" kwa namba utakazopata wewe, roboti yao ndiyo inausoma. Imeli iwe maandishi matupu, ukituma ya HTML kutoka kwenye simu vger, seva ya orodha za imeli za keneli, inaitema.

msee_wa_terminal

Na wakikuambia ufanye git bisect, yaani kutafuta badiliko lililoharibu, usiogope, kati ya toleo moja na lingine ni kama raundi 14 hivi, inagawa katikati kila mara. Tumia make localmodconfig ndio ujenge moduli unazotumia pekee, otherwise laptopu itapika ugali. Tatizo ni kushusha historia yote ya keneli, ni gigabaiti kadhaa na git clone ikikatika unaanza upya. Kwa git.kernel.org kuna faili inaitwa clone.bundle, unaivuta na wget -c, bando ikiisha unaendelea kesho ulipoachia.

Kibatari

Launchpad nimeshafungua, hiyo ya orodha ya imeli nitafanya wikiendi nikipata bando la usiku. Kwa sasa naweza kuishi na 6.14 bila kisoma-kadi?

fundi_Chumbageni

Unaweza. Weka "blacklist rtsx_pci" kwenye faili jipya ndani ya /etc/modprobe.d, piga update-initramfs -u, umemaliza. Siku ya kujaribu marekebisho ulitoe. Au kama hutaki presha kabisa, weka linux-generic (keneli ya asili ya 24.04) badala ya linux-generic-hwe-24.04 (inayoleta keneli mpya) na utoe keneli za 6.14, utabaki kwenye 6.8 ambayo inapata viraka vya usalama mpaka 2029. Usije ukaishikilia keneli kwa apt-mark hold ukaisahau, hapo ndo unabaki na matundu ya usalama bila kujua.

juma_printa

Samahani naingilia, mimi yangu baada ya apdeti inaandika "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", nayo ni kisoma-kadi?

Mama Seva

Hapana, kwako inaelekea initramfs (faili dogo ambalo keneli huanza nalo ikiwaka) haikuundwa, na kinachosababisha mara nyingi ni /boot, sehemu zinapokaa keneli, kujaa. Ingia keneli ya zamani, piga df -h /boot, kisha fungua uzi wako na uweke majibu hapo.