Tupeane uzoefu: ulimjuaje Edward Gorey, na ulipokeaje habari kwamba hayupo?

WinoMweusi (mleta mada)

Wakuu salaam. Najua hatuko wengi ila tupo. Leo ni 15 Aprili, siku aliyofariki Edward Gorey mwaka 2000, kule Hyannis, Massachusetts, ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 75. Kwa msiomjua ni yule mzee wa Kimarekani aliyekuwa anaandika na kuchora vitabu vidogo vidogo vya wino mweusi, watu wamevaa nguo za Kiingereza za kizamani, majumba makubwa yamepoa, halafu katikati hapo kuna mtu anakufa au anapotea au kuna kitu kimeingia ndani hakieleweki. Vitabu zaidi ya 100. Na vinachekesha, hilo ndio watu hawaamini mpaka wasome wenyewe.

Mimi nilimpata kwa wauza vitabu wa chini, mtaa wa Samora hapa Dar, nilitumwa kitabu cha hesabu cha mdogo wangu. Nikakuta Amphigorey, ule mkusanyiko wa vitabu vyake 15 uliotoka 1972, kava hoi, kurasa za nyuma zimelowana mpaka zimejikunja. Jamaa anataka elfu tano, tukavutana akakubali tatu, hesabu za dogo zikaahirishwa. Nimesoma nimening'inia kwenye daladala nacheka peke yangu watu wananiangalia. Kufika home nikasema huyu mzee lazima nimwandikie, nikaingia mtandaoni kutafuta anuani, ndio nakutana na 1925–2000. Sasa msiba wa namna hiyo unamwambia nani? Atakuuliza marehemu ni nani yako.

Haya, leteni na zenu.

dada_wa_Lowell

Niko Lowell, Massachusetts, wakenya tumejaa huku na wengi wetu kazi ni ileile ya kulea wazee. Kwa ile nyumba nilianzia kazi kulikuwa na nyanya mmoja mzungu, mkali huyo, hakuna mtu alitaka kupangiwa chumba chake. Mimi nikapangiwa kwa sababu ni mgeni. Alikuwa na kanda za zamani za zile filamu za upelelezi za PBS, televisheni ya umma ya huku Marekani, kipindi kinaitwa Mystery!, na tangu 1980 kilikuwa kinafunguliwa na michoro ya Gorey imetiwa uhai, kuna mama mmoja wa gauni refu amejilaza juu ya ukuta anaguna kama anakata roho. Sasa huyu nyanya kila mguno ukianza anaweka mkono kwa paji la uso na yeye anaguna, kwa sauti, saa tatu usiku, majirani wanabonyeza kengele wakidhani ni mgonjwa. Hapo ndio tulianza kuwa marafiki.

Alikuwa na tangazo la kifo la Gorey amelikata kwa gazeti la Aprili 2000, limekaa kwa mkebe wa biskuti pamoja na picha za mabwana zake wawili (marehemu wote). Akaniambia siku ukipata ofu nenda Cape Cod, kule pwani ya Massachusetts, uone nyumba yake uniletee habari. Nikaenda na mwenzangu wa shifti. Iko Yarmouth Port, ni makumbusho tangu 2002. Jamani ile nyumba. Huyo mzee aliishi na paka wengi, rakuni (wanyama wa porini wa huku) waliingia juu ya dari akawaacha wakae, kuna mmea fulani wa kuwasha sana huku unaota kando ya nyumba, ukapenya ufa wa ukuta ukaingia ndani na bado akauacha. Mamangu angekuwa ameshaita fundi na mbwa. Ukiingia kuna mchezo wa kutafuta wale watoto 26 wa The Gashlycrumb Tinies, kitabu chake cha alfabeti ambacho kila herufi ni mtoto anayekufa, wamefichwa humo ndani kila mmoja na kifo chake, tulizunguka vyumba kama watoto wa nasari, wazungu wazima wamepiga magoti wanachungulia chini ya viti.

Niliporudi sikuulizwa habari ya michoro. Nyanya aliniuliza kitu kimoja tu, "na koti?" Alimaanisha yale makoti ya manyoya, enzi zake Gorey alikuwa anatembea nayo New York marefu mpaka chini, pete kila kidole, ndevu kama za nabii, halafu chini raba nyeupe.

Mkweli_Daima

Samahani wakuu kwa kuwatibulia ila nimecheki hiyo kazi mnayoililia. Herufi A mtoto kaanguka ngazi, B kavamiwa na dubu, mpaka Z. Watoto 26 wanakufa na watu wazima mnacheka? Hizi ndio roho chafu zinaingia majumbani kidogo kidogo. Mimi siwezi kumlilia mtu kama huyo.

mama_wawili_Unguja

Mkweli mwenzangu, karibu ukae, hapa hatugombi. Bibi yangu mimi, Mungu amrehemu, kila usiku alikuwa akitutolea zimwi limekula watoto kijiji kizima likabakisha mmoja kilema, na tunalala vizuri tu, na huyo bibi alikuwa hakosi sala hata moja. Sasa zimwi la bibi halina roho chafu ila dubu wa Gorey ndio anayo?

Halafu tazama vizuri. Picha zile mara nyingi zinakatika kabla ya lenyewe kutokea. Amy ndio kwanza anaanguka, mikono mbele, hajafika chini. Yule wa N, Neville, huoni mwili wala nini, unaona dirisha kubwa la kijivu na kijikichwa kimechomoza chini yake, macho mawili tu, anaangalia nje. Amekufa kwa kuchoka kukaa bila la kufanya. Nilipowasomea wanangu, baba yao aliniambia bibi we umeingiwa na nini, watoto wataota. Hawakuota. Umeme ukikatika sasa, yule mdogo anakwenda dirishani anatoa macho pale chini ya fremu, haongei. Dada yake anatangaza, "Mama, N amekufa tena."

Ilinishika mwenyewe baadae nilipokwenda kusoma habari zake. Kuna kitabu alichora, The Loathsome Couple, kuhusu mume na mke wanaoua watoto, na hicho alikitoa kwenye mauaji ya kweli ya Uingereza miaka ya sitini, yalimkera na kumkaa moyoni. Huwezi kucheka humo hata kidogo. Kwa hiyo mtu alijua wapi pa kucheka na wapi hapachekwi. Yeye hakuoa wala hakuzaa, lakini mimi naona alikuwa anawahurumia watoto kuliko wengi wanaowaandikia vya sungura na maua.

Mzee_wa_Harlem

Marahaba kwa wote mlionisalimia kule inbox. Mimi ni mtu wa Tanga ila niko New York tangu 1978, nilikuja kusoma nikasahau kurudi.

Mwaka huohuo nimefika, familia iliyonipokea ikanipeleka Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo, kuona Dracula. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye ukumbi wa namna ile, nikafikiri nakwenda kuona sinema. Pazia linafunguka, kila kitu cheusi na cheupe, kuta, makochi, popo wamechorwa kila mahali, ni kama umeingia ndani ya ukurasa wa kitabu, mistari yote ya kalamu imekuzwa ukubwa wa nyumba. Na katika weusi wote huo kila mandhari ina kitu kimoja tu chekundu. Kimoja. Nikawa siangalii tena waigizaji, natafuta chekundu kiko wapi. Huyo ndiye Gorey, mandhari yake na mavazi yake, akapewa Tony, tuzo kubwa ya maigizo, kwa mavazi mwaka 1978. Cha ajabu mimi ninachokikumbuka ni zile kuta.

Watu wa baleti hapa mjini wote walikuwa wanamjua kwa sura. Alikuwa anahudhuria maonyesho ya New York City Ballet karibu yote, msimu mzima, miaka na miaka, kwa ajili ya George Balanchine, mtunzi wa dansi zao. Balanchine alipofariki 1983, mzee hakuona tena la kumweka mjini, akahamia Cape Cod. Watu wanasema alikuwa mpweke, mimi sisemi hivyo. Kule alikuwa anakula kwenye mgahawa uleule karibu kila siku, anaandaa michezo ya vikaragosi na wenyeji, jioni anashona vidoli vya vyura anavijaza mchele huku anaangalia TV. Mpweke gani huyo?

Habari za kifo nilizisoma kwenye gazeti, alifariki Jumamosi, Jumatatu ikatoka. Nilikuwa kwenye treni naenda kazini. Mbele yangu kasimama mama mmoja na gazeti hilohilo ukurasa huohuo, akaniangalia, akaona na mimi nimeshika lilelile, akatikisa kichwa tu. Tulifika kituo cha mtaa wa 125 akashuka. Sisi kwetu Tanga hapo tungeshaanza kuulizana ameugua nini, lakini wale ndivyo walivyo.

kalamu_na_chai

Shikamoo mzee. Hiyo ya chekundu imeniua.

Mimi ni mchoraji, Nairobi, nachora kava za vitabu na vibonzo kidogo za magazeti kukiwa na pesa. Nilimjua 22 Februari 2013, Google walikuwa wamebadilisha nembo yao kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa, angekuwa anafikisha 88, nikabonyeza tu kwa sababu ya zile mistari. Sasa kwa wale hamchori niacheni niwaelezee. Ukiangalia ukuta wa Gorey, ile karatasi ya ukuta nyuma ya watu, si rangi imepakwa. Ni vistari. Vistari elfu na elfu vya nibu, vingine vimelala vingine vimesimama, vinapishana mpaka giza linakuja lenyewe, na kwa giza hilo bado unaona maua ya kitambaa. Na huyu mtu alikuwa anachora kwa saizi ileile kitabu kitachapwa. Sisi wengine tunachora kubwa halafu tunapunguza, makosa yanajificha. Yeye hapana, mkono wako ukitetemeka kidogo tu kila mtu anaona. Nilijaribu kona moja ya chumba, kona tu, na pazia lake, ilinimaliza wikendi na shingo ikakataa kugeuka mpaka Jumatano.

Alianzia hapo kwa kava pia, Doubleday New York miaka ya hamsini, alikuwa muajiriwa wa kawaida wa ofisi. Hiyo hunipa nguvu nikiletewa kazi ya kava ya kitabu cha biashara ya kuku.

Na mleta mada, hiyo ya barua haiko kwako peke yako. Daniel Handler, yule mwandishi wa vitabu vya watoto anayeandika kwa jina la Lemony Snicket, alimtumia vitabu vyake viwili vya kwanza na ujumbe kwamba anampenda sana na anatumaini atamsamehe kwa yote aliyomwibia. Jibu halikuja, na haikupita muda mzee akafariki. Handler husema anapenda kuamini ni yeye alimuua. Nadhani marehemu angeikubali hiyo.

boda_msomaji

Swali la kizushi wakuu, mali kaacha kwa nani? Hana mtoto, hana mke.

dada_wa_Lowell

Wanyama. Sio utani. Wosia wake uliweka mfuko wa kusaidia wanyama, na sio paka na mbwa peke yake, hadi popo na wadudu wamo.

boda_msomaji

POPO??? Aisee. Huku kwetu kikao cha ukoo kingekaa mpaka leo. Baba mdogo angesema marehemu alikuwa hajielewi, anajulikana popo gani mwenye akaunti.

WinoMweusi

😂😂 Baba mdogo hakosekani.

Nimesoma_kimyakimya

Huwa siandiki, nasoma tu, ila leo acha niseme. Baba alifariki mwaka juzi. Mnajua msiba wetu ulivyo, watu wamejaa, maturubai, vyungu, kila mtu ana neno la faraja na yote ni yaleyale, kazi ya Mungu haina makosa, jipe moyo. Nawashukuru, bila wao nisingesimama. Ila siku ya arobaini wakaondoka na mimi nikabaki na kile kitu ndani ya nyumba.

Rafiki yangu akanitumia kwenye simu picha za The Doubtful Guest, cha 1957. Familia imekaa sebuleni usiku, kengele inalia, wanafungua, kumbe kuna kidude, kama ndege kama sijui nini, kimevaa skafu na raba nyeupe. Kinaingia bila kukaribishwa kinaenda kusimama pua ukutani. Asubuhi kinakaa mezani nao kinakula mikate na kipande cha sahani. Kinachukua vitu kinavyovipenda kinavitumbukiza bwawani kwa nia ya kuvilinda. Hakuna anayekifukuza. Hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Kitabu kinaisha kimeshakaa miaka 17 na hakionyeshi dalili ya kuondoka.

Hakuna aliyeniambia hivyo pale turubaini. Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikalia vibaya sana, kisha nikaenda kuosha vyombo. Sijui kama aliandika kuhusu msiba, wenye kusoma sana wanasema hakupenda kuulizwa maana. Mimi nimeamua ni msiba. Kikombe cha baba bado kiko kabatini na nimekizoea.

mama_wawili_Unguja

Pole mwanangu. Pole sana.

Mzee_wa_Harlem

Pole binti. Au kijana, utanisamehe. Umeandika vizuri.

Mkweli_Daima

Pole mkuu. Bado simwelewi huyo mzee ila hiyo ya kidude nimeielewa. Naweza kukipata wapi?

WinoMweusi

Mkweli umeanza 😄. Dukani hapa Dar sijawahi kukiona kikiwa peke yake, ila kimo ndani ya Amphigorey yangu. Ukiwa Dar naazima, masharti ni wiki mbili, hakuna kula juu yake, na unaacha kitambulisho cha NIDA.

Mkweli_Daima

NIDA kwa kitabu kilicholowa?

WinoMweusi

Ndio.