Naomba ushauri: nimechimbua kitu kama bomu shambani Kahe

Habari za jioni wakuu. Niko Moshi. Shemeji yangu aliyekuwa Geita kaniachia ditekta yake ya kutafutia dhahabu, na tangu hapo Jumamosi zangu zinaishia Kahe kwenye shamba la baba mdogo. Machi 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Smuts (jenerali wa upande wa Mwingereza) na Lettow-Vorbeck (kamanda wa Mjerumani) yalipigana maeneo hayo.

Mpaka sasa nina maganda matatu ya risasi, kifungo kimoja, na misumari isiyo na idadi (mashine haibagui). Ganda moja ni nene kama kidole changu cha mwisho. Nahisi ni la ile bunduki ya Mauser ya 1871, ya milimita 11, iliyokuwa inafuka moshi mzito. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita nayo.

Sasa juzi ditekta imelia, nikachimba mpaka kiwiko, nikagusa chuma kizito cha mviringo chenye ncha. Jasho lilinitoka. Nimefukia taratibu, nikaweka jiwe juu. Baba mdogo hataki kusikia, anasema nimeona rupia za Mjerumani namficha. Vijana wa jirani nao washaanza kupita pita na majembe, ndiyo kinachoninyima usingizi.

Nianzie wapi, polisi au mwenyekiti wa kijiji? Na kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, nilipaswa kuwa na kibali hata kwenye shamba la familia?

Halafu maganda nisiyasugue kwa ndimu, au haina shida?