Eti "watu wa Vitz" ndio tunaleta foleni, na V8 lake linaunguruma nje!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mkubwa wetu, simtaji, mnamjua, yule ambaye msafara wake ukipita hata kuku wanasimama pembeni, kasema wenye magari tuwekewe kodi ya mwaka ya kununulia mabasi. Sawa, tungeongea. Halafu akatunyooshea kidole: "Ninyi watu wa Vitz ndio mnaojaza barabara."

Watu wa Vitz! Mbele ya mama mkwe wangu!

Na V8 lake liko nje, injini inawaka, kiyoyozi kinapuliza, ndani hamna mtu ila dereva na simu yake. Dude lile linakunywa mafuta mpaka visima vya Uarabuni vinaingiwa hofu. Kodi ya gari tunalipa tayari! Rodi laisensi, ile ada ya gari ya kila mwaka, ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. 2023 wakaongeza 100 nyingine. Mimi nikijaza nachangia. Yeye anajaziwa.

Mabasi nayataka sana. Mwendokasi ilipoanza 2016, Kimara mpaka Kivukoni, nilishangilia, nikasema na kwetu Goba itafika. Ikifika, gari naegesha siku hiyo hiyo. Lakini watu wa Vitz? Masika V8 lake lilipozama kwenye tope, nani alimtoa mpaka lami? Vitz!

Bi Tegeta: Pole kaka. Ila mama mkwe kikaoni alifuata nini?

Mtoa mada: Alikuja kuulizia maji. Tusihame kwenye mada. Kasema WATU WA VITZ.

Kiroboto: Mkuu, kinachouma ni kodi au Vitz? Mimi nina IST, simo.

Jirani wa Nairobi: Huku kwetu 2024 walitaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi laki moja. Watu wakapiga kelele, ikaondolewa. Pigeni kelele.

Mwalimu Mstaafu: London wanatoza magari yanayoingia katikati ya mji tangu 2003, na pesa inarudi kwenye usafiri. Wazo si baya, vijana.

Mtoa mada: Shikamoo mwalimu. Wazo sijalikataa. Hao wa London walinyooshewa kidole wakaitwa watu wa Vitz?

Binti Mbagala: Wenye magari mnalia, sisi wa daladala tuseme nini? Leo konda kanishusha kabla ya kituo, na mia tano yangu kaondoka nayo.

Kiroboto: Yule wa kofia nyekundu?

Binti Mbagala: Huyo huyo!!

Mwalimu Mstaafu: Hata mimi elfu mbili yangu anayo tangu Idi. Nilimwambia, "Mwanangu, nirudishie," akaniambia "mzee, shuka kwanza."

Bi Tegeta: Afadhali konda. Bodaboda wangu kanipitisha juu ya meza ya nyanya, mwenye nyanya kanidai mimi.

Mtoa mada: Jamani, V8 lilikuwa linaunguruma pale nje...

Binti Mbagala: Subiri kwanza kaka. Mwalimu, wewe ulipandia wapi? Kesho tumsubiri pamoja.

Kiroboto: Nami nakuja. Ananidai yeye au namdai mimi, tutajuana hapo hapo.