Tupeane uzoefu: riwaya za manowari za angani, zinakwama wapi?

Mkukuni: Wakuu, mada ya juzi ya Nelson, yule amiri wa manowari za Uingereza enzi za matanga, imenikumbusha hili. Waandishi wamezichukua manowari za matanga wakazirusha angani. Zinaharibikia wapi? Mimi nasema kwenye kupashana habari. Katika The Happy Return ya C. S. Forester (1937), nahodha Mwingereza Hornblower anakaa baharini miezi 7 bila kuona nchi. Anaiteka Natividad, manowari ya Hispania ya mizinga 50, anamkabidhi mwasi El Supremo, ndipo anapoambiwa Hispania sasa ni rafiki wa Uingereza! Inabidi aitafute meli ileile aizamishe. Mpe nahodha simu ya kuuliza makao makuu papo hapo, hadithi imekufa.

Joshini: Umemaliza mkuu.

Tezi_na_Omo: Mwisho wa On Basilisk Station ya David Weber (1993) ndio unaonitoa jasho. Injini za meli za humo zinatandaza bapa la nguvu za mvutano juu na jingine chini ya meli, silaha hazipenyi. Ubavuni kuna ukuta dhaifu kidogo. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ziko wazi kabisa. Ndiyo maana meli zinapigana ubavu kwa ubavu, na ukimkatiza mwenzako kwenye omo au tezi, unamwaga moto kwa urefu wote wa chombo. Ndivyo Victory, meli ya Nelson, ilivyoifanyia Bucentaure ya Wafaransa kwenye vita vya Trafalgar, 1805, kwa kupita nyuma ya tezi yake. Sasa Fearless, meli ya mhusika mkuu, ni manowari ndogo ya aina ya kruza, imeng'olewa silaha nyingi ipachikwe mkuki wa mvutano, kitu cha masafa mafupi mno. Inaikimbiza Sirius, meli ya mizigo iliyoficha makombora. Anayefukuza lazima amwoneshe adui omo, yaani palipo wazi. Watu wanakufa kurasa kwa kurasa mpaka Fearless inasogea vya kutosha kuufyatua ule mkuki.

Bi_Kaskazi: Umetumalizia utamu! Wengine hatujafika huko.

Tezi_na_Omo: Dada, kitabu cha 1993?

Bi_Kaskazi: Hata kama. Na hukusema kwamba katikati ya mbio hizo mwandishi anasimama kutoa mhadhara mrefu wa historia ya safari za kasi kuliko nuru. Injini ielezwe mapema, meli ikiwa bado bandarini.

Tezi_na_Omo: Mhadhara ule ndio utamu wenyewe.

Fundi_Matanga: Kinachonikera ni matanga ya nuru, yale yanayosukumwa na mwanga wa jua. Karibu na dunia, tanga la kilomita moja ya mraba linasukumwa kwa newtoni 9 hivi, haifiki uzito wa kilo moja ya sukari. IKAROS, chombo cha angani cha Wajapani (2010), ilikuwa na tanga la mita 14 kwa 14. Halafu mtu anaandika manowari inageuka ghafla! Bisho, yaani kwenda mshazari kuukabili upepo, nayo hakuna, maana angani hakuna maji ya kushikwa na mkuku, ule uti wa chini ya meli. Ukitaka kulikaribia jua, unalaza tanga nuru ikupunguzie mwendo wa mzunguko, unaanguka taratibu. Ni kazi ya miezi.

Joshini: Basi matanga yatolewe.

Mkukuni: Yasitolewe. David Drake kaanza na With the Lightnings (1998) akabuni fizikia yake: mabaharia wanatoka nje kushughulikia milingoti, redio hairuhusiwi, wanaelewana kwa ishara za mikono. Matanga yakiwapa watu kazi, inatosha.

Mvita: Mnahangaika na angani wakati ya nahodha asiye na simu yalitokea hapa hapa. Februari 1824 nahodha Owen wa HMS Leven aliingia Mombasa, akakuta Wamazrui, watawala wa mji, wamekwisha kujipandishia bendera ya Uingereza kwa kumhofia Seyyid Said wa Omani. Akawapa ulinzi bila idhini ya London, kwa sharti wakomeshe biashara ya utumwa. Akamwacha luteni Reitz, akatweka. Reitz akafa kwa homa mwaka huohuo. London ikakataa, bendera ikashuka 1826.

Tezi_na_Omo: Hiyo si hadithi ya sayansi.

Mvita: Badilisha Mombasa iwe sayari uone.

Bi_Kaskazi: Ikiwa sayari, Reitz ndiye awe mhusika mkuu. Owen katweka zake.

Mkukuni: Aah, Owen! Barua za London zinamfuata yeye.

Fundi_Matanga: Wekeni na fedha za ngawira. Kabla ya 1808 nahodha wa Uingereza alichukua mafungu 2 kati ya 8 ya thamani ya meli aliyoteka, na la tatu kama hakuwa chini ya amiri. Manahodha wa angani wanapigana bure bure tu.

Joshini: Mafungu 3? Natafuta meli.