Impreza kwenye mchanga wa Ushongo: niinue au nibadilishe gari?

Mpwani_Tanga
Wakuu, naombeni ushauri. Nina Impreza ya 2006, otomatiki, fowili (inavuta tairi zote nne). Kila mwezi naenda Ushongo, pwani ya Pangani, kwa wazazi. Shida inaanza nikichepuka kuelekea ufukweni: malori yamechimba mifereji miwili, katikati limebaki tuta la mchanga. Safari iliyopita tumbo la gari lililala juu ya tuta, tairi zote nne zikazunguka bure. Nawaza kuiinua kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo juu ya springi), au niiuze nichukue Forester, au nitafute Escudo yenye gia ya chini (4L, ya kwenda polepole kwa nguvu). Pesa inatosha jambo moja tu.

FundiChumbageni
Kaka, spesa za sentimita 3 sawa. Ukizidisha, ekseli zinakaa kwa pembe kali, buti za CV joint (mipira inayofunika viungo vya ekseli) zinachanika na mchanga unaingia. Na usifunge tairi kubwa mbele tu au nyuma tu. Gari ya kuvuta miguu yote ikiwa na tairi zisizolingana, klachi inayogawa nguvu inahangaika hata kwenye lami mpaka inaungua. Nimeshafungua gia boksi za namna hiyo, inauma kumwambia mtu bei.

DadaMsimbati
Kaka, kabla hujatoa hata shilingi, upepo huwa unapunguza? Njia ya Msimbati huku Mtwara ndiyo iliyonifunza. Kama kawaida unaweka PSI 32, shusha hadi 18. Tairi inalala, inakanyaga mchanga mwingi kwa pamoja, gari inapita juu badala ya kuchimba. Usiende chini ya 15, ukikata kona tairi itachomoka kwenye ringi. Ukirudi lami jaza hapo hapo, kwa hiyo beba pampu.

Mpwani_Tanga
Sijawahi, dada. Nilidhani upepo mwingi ndio unainua gari.

DadaMsimbati
Unainua kidogo, kweli, na ukipunguza gari itashuka kidogo. Kwa hiyo usiikalishe kwenye mifereji: tairi za upande mmoja zipite juu ya tuta, za upande wa pili nje ya mfereji. Mwendo uwe ule ule. Ukitaka kusimama, achia mafuta isimame yenyewe. Breki inarundika mchanga mbele ya tairi. Ikianza kuzama usikanyage mafuta, rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe. Ikigoma, fukua mchanga chini ya tumbo kwanza, ndipo uweke makuti chini ya tairi.

Babu_Mambrui
Mimi niko upande wa Malindi, nimemiliki Forester na sasa Escudo. Impreza yako iko kama sentimita 15 kutoka chini, Forester za 2008 kuendelea zinapita 20. Hizo tano ndizo zinazovuka tuta lako. Ila kwenye mchanga laini wa mwendo mrefu, Forester otomatiki yangu iliwaka taa ya AT OIL TEMP, yaani oili ya gia boksi imepata moto. Nikasimama, gia huru, injini ikiunguruma, mpaka ikapoa. Escudo kwenye 4L haichoki, lakini inakunywa petroli, nawe safari yako kubwa ni lami. Mchanga wenyewe ni kilomita ngapi?

Mpwani_Tanga
Hazifiki tatu, babu.

Babu_Mambrui
Basi Escudo ya nini, mwanangu? Forester.

Kasa_Saadani
Ombi moja kwenu nyote: msikwepe njia mbovu kwa kushuka ufukweni. Kasa wanataga huko, mayai yapo chini ya mchanga na huwezi kuyaona. Na siku za bamvua maji yanapanda haraka kuliko utakavyofukua.

Mpwani_Tanga
Nimerudi. Jumamosi nilienda na 18, tairi za kulia juu ya tuta. Nimepita kwenda na kurudi, tumbo limegusa mara moja tu. Spesa nimeachana nazo, naweka akiba ya Forester. Fundi, kwa sasa nifunge bati chini ya sampu (bakuli la oili ya injini)?

FundiChumbageni
Funga, lakini liache tundu la kumwagia oili. Na kila ukirudi osha chini kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi inaanza kula mabomba ya breki.